Mkojo Unasuasua? Pima Kwanza, Tezi Dume Utailaumu Baadaye

Wanaume wengi wenye mkojo dhaifu huniuliza kitu kimoja: "Daktari, tezi imekuwa kubwa kiasi gani?" Ukubwa si hoja kama wengi wanavyodhani. Tezi dume ya kijana ina gramu 20 hivi. Kuna za gramu 80 ambazo wenyewe wanakojoa vizuri tu, na za gramu 30 zinazomfunga mtu kabisa. Kinachoamua ni upande inakokulia. Ikikua kwa ndani hubana mrija wa mkojo unaopita katikati yake. Ikichomoza juu, ndani ya kibofu, huwa kama kizibo: kadiri unavyojikamua ndivyo inavyoziba.

Ndiyo maana naanza na daftari la siku 3. Tafuta chombo chenye alama za mililita, kojolea humo kila mara, andika saa, kiasi, na ulichokunywa. Weka alama saa uliyolala na saa uliyoamka. Kisha jumlisha mkojo wote wa usiku pamoja na ule wa kwanza wa asubuhi (huu watu huusahau, na hesabu yote inaharibika), ulinganishe na jumla ya saa 24.

Kwa mzee wa zaidi ya miaka 65, ukipita theluthi moja, figo zinatengeneza mkojo mwingi usiku. Hapo natazama miguu inayovimba mchana, moyo, kukoroma kunakokata pumzi, na vinywaji vya jioni. Dawa ya tezi haitampunguzia safari za msalani. Lakini anayeamka mara 4 na kutoa mililita 80 kila mara, huyo kibofu chake ama hakishiki, ama hakimwagi chote.

Kipimo cha kasi ya mkojo kinataka angalau mililita 150, kwa hiyo usije umetoka kukojoa. Kasi ya juu kabisa ikiwa chini ya mililita 10 kwa sekunde, nashuku kizuizi. Nashuku tu, kwa sababu kibofu kilichochoka nacho hutoa mchoro uleule. Papo hapo ultrasaundi ipime mkojo uliobaki.

Tamsulosin ya miligramu 0.4 hulegeza misuli ya shingo ya kibofu na tezi, na nafuu huonekana ndani ya siku chache. Inuka polepole, maana kizunguzungu hutokea. Manii yanaweza kupungua au yasitoke. Hilo la manii halina madhara. Ukipangiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, mwambie daktari wa macho mapema kwamba umewahi kuitumia, hata kama uliacha. Finasteride hupunguza tezi yenyewe, lakini ipe miezi 6. Nayo hushusha PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) kwa karibu nusu, hivyo asiyejua unaitumia atasoma namba nzuri isiyo ya kweli.

Dawa za mafua zenye pseudoephedrine au chlorpheniramine ziogope. Ya kwanza hukaza shingo ya kibofu, ya pili hulegeza kibofu chenyewe, na mkojo unaweza kugoma kabisa. Ukigoma huku tumbo la chini limejaa na linauma, usinywe maji kuusukuma. Nenda hospitali saa hiyohiyo uwekewe mpira wa mkojo.

Matone yanayolowesha suruali baada ya kumaliza mara nyingi si tezi. Ni mkojo uliobaki kwenye mrija: bonyeza kwa vidole nyuma ya korodani, sukuma taratibu kuelekea mbele, mara 2 au 3, ndipo ufunge zipu.