Bassano del Grappa: jina, daraja na miti

Bassano del Grappa uko kaskazini mashariki mwa Italia, pale Mto Brenta unapotoka milimani kuingia tambarare. Ni mji wa kuzungukwa kwa miguu, na wageni wengi huanza matembezi wakiwa tayari na habari zisizo sahihi.

Ya kwanza: eti mji umepewa jina la grappa, ile pombe kali. Hapana. Grappa ya jina hilo ni mlima, Monte Grappa, wenye kimo cha mita 1,775. Hadi 1928 mji uliitwa Bassano Veneto. Ukabadilishwa jina kuwaenzi askari waliokufa mlimani humo katika Vita Kuu ya Kwanza. Pombe nayo ipo, tena kampuni ya Nardini imekuwa ikiiuza hapo kichwani mwa daraja tangu 1779, ndiyo maana watu wanachanganya. Wala grappa si divai. Hupikwa kwa maganda ya zabibu yaliyobaki baada ya kukamuliwa, kwa kuchemsha na kupoza mvuke, kama gongo inavyopikwa.

Ukifika kwenye daraja lenyewe, la mbao na lenye paa, tafadhali usikubali kupitishwa haraka. Wengi huamini wanakanyaga mbao zilezile za mwaka 1569 za Andrea Palladio, msanifu majengo. Ukweli ni kwamba Palladio alichora, na wengine wakajenga upya mara kwa mara. Yeye mwenyewe, mafuriko ya 1567 yalipozoa daraja la zamani, alipendekeza kwanza la mawe. Wakuu wa mji wakakataa, wakataka la mbao kama walilolizoea. Mafuriko ya 1748 yakalibeba hilo pia, na fundi mhandisi Bartolomeo Ferracina akalisimamisha tena. Mwaka 1813 jeshi lililokuwa upande wa Napoleon lililichoma likirudi nyuma. Likajengwa upya 1821. Vita vya Pili vikalibomoa 1945, na mwaka 1948 likafunguliwa tena kwa juhudi za Alpini, askari wa milimani, ambao hadi leo linaitwa kwa jina lao.

Wapo wanaosikia hayo wakasema basi ni daraja la kuigiza. Siwaungi mkono hata kidogo. Watu waliopoteza daraja mara nyingi hivyo wangeweza kuchagua chuma au zege. Walirudi kwenye mchoro uleule, na kwangu huo ndio uhalisi wake.

Mchoraji Jacopo Bassano, kwa kifupi: Bassano si jina la ukoo wake, ni la mji wake tu. Ukoo wake uliitwa dal Ponte, yaani wa darajani.

Kisha Viale dei Martiri, yaani Barabara ya Mashahidi. Msomaji aliyezoea kusikia Mashahidi wa Uganda atadhani hapa pia wanakumbukwa waliofia dini. Wageni wengine huona barabara nzuri ya kupigia picha, yenye safu ya miti na upepo wa bondeni. Kumbe tarehe 26 Septemba 1944 watu 31 walinyongwa kwenye miti hiyo na Wanazi pamoja na mafashisti wa Italia, baada ya msako dhidi ya wapiganaji wa upinzani. Wengi walikuwa vijana. Ukisimama kando ya mti mmojawapo ukatazama kaskazini, utauona mlima ambako msako huo ulifanyika.