Uchumi si somo la kujazia ratiba ya mhandisi

Wanafunzi wengi wa uhandisi huamini kwamba uchumi na menejimenti ni masomo ya watu wa biashara, wao wamechomekewa tu. Historia inawakatalia. Mwaka 1844 Jules Dupuit, mhandisi wa barabara na madaraja wa Ufaransa, aliandika jinsi ya kupima manufaa ya kazi za umma, na wachumi wanamtaja hadi leo. Henri Fayol, aliyechambua kazi za meneja, alikuwa mhandisi wa migodi.

Lakini hoja nzito iko kwenye hesabu. Chukua pampu mbili zenye uwezo sawa, kila moja ya kudumu miaka 10. Ya kwanza bei yake ni 100 na umeme wake 40 kwa mwaka. Ya pili ni 160, umeme 25. Ukiongeza 60 leo, unaokoa 15 kila mwaka, jumla 150. Rahisi? Ngoja kwanza. Fedha ya kesho hailingani na ya leo, maana ya leo ingeweza kuwekwa na kuzaa riba. Kwa riba ya asilimia 10, akiba hiyo ina thamani ya leo ya takriban 92, na pampu ya pili inashinda. Riba ikiwa asilimia 25, thamani inashuka hadi kama 54, na ya kwanza ndiyo nafuu. Pampu ni zilezile.

Walimu nao wanachangia imani hiyo ya wanafunzi: somo hujaa mikunjo ya ugavi na mahitaji, mashine hakuna hata moja. Afadhali mwanafunzi apewe mradi wake mwenyewe, aukadirie gharama za matengenezo na kuupangia ratiba ya ujenzi.