Kwa nini Kinepali kikapata nchi, na ndugu zake wakabaki mabondeni?

Kwenye miteremko ya Himalaya, kuanzia Nepal hadi jimbo la Himachal Pradesh nchini India, kuna jamii ya lugha ziitwazo Kipahari, yaani lugha za milimani. Mashariki kuna Kinepali, katikati Kikumaoni na Kigarhwali, na magharibi lugha ndogondogo chungu nzima. Mgawanyo huu ulichapishwa na mtaalamu wa lugha George Grierson mwaka 1916. (Murree na Mirpur, upande wa Pakistani, nako watu husema wanazungumza Kipahari, ila chao kinakaribiana zaidi na Kipunjabi.)

Wengi hudhani milima ndiyo iliyozitenga lugha hizi. Kwa kiasi ni kweli, lakini milima hiyohiyo haikukizuia Kinepali. Tena Kinepali hakikuzaliwa Kathmandu. Chimbuko lake ni magharibi mwa Nepal, mbali na Kathmandu, kwenye bonde la Sinja huko Jumla, lililokuwa makao ya ufalme wa Wakhasa. Kathmandu yenyewe ilikuwa ya Wanewari, ambao lugha yao ina undugu na Kitibeti.

Ufalme wa Wakhasa uliposambaratika, vikazuka vijifalme vingi, kimojawapo Gorkha. Mfalme wake, Prithvi Narayan Shah, aliiteka Kathmandu mwaka 1768, na lugha ya ikulu yake ikafuata jeshi, hukumu na kodi. Watamang, Warai na Wamagar, wenye lugha zao tofauti kabisa, wakaitumia kuelewana. Baadaye wafanyakazi wa mashamba ya chai waliifikisha Darjeeling, India. Katika sensa ya Nepal ya mwaka 2021, asilimia 44.86 ya watu walikitaja Kinepali kuwa lugha yao ya mama, katika nchi yenye lugha 124.

Wagorkha waliiteka pia Kumaon mwaka 1790 na Garhwal mwaka 1804. Wakashindwa vita na Waingereza, na tangu mwaka 1816 mto Mahakali ukawa mpaka wa magharibi wa Nepal. Lugha zilizobaki ng'ambo ya pili zilijikuta kwenye himaya nyingine.

Magharibi, huko Himachal Pradesh, ndiko mkono wa watawala unakoonekana wazi zaidi. Kangra, Mandi, Kullu na Chamba kila moja ilikuwa na raja (mfalme) wake, na hadi leo kila moja ina lugha yake: Kikangri, Kimandeali, Kikului, Kichambeali. Zamani ziliandikwa kwa hati ya Takri, ambayo sasa ni wachache mno wanaoweza kuisoma.

India ilikiingiza Kinepali kwenye orodha ya lugha za katiba mwaka 1992. Kigarhwali na Kikumaoni bado havimo. Sensa ya mwaka 2011 ilivihesabu chini ya Kihindi, ingawa wasemaji wa kila kimoja walizidi milioni 2. Na jimbo lao la Uttarakhand, lilipochagua lugha rasmi ya pili mwaka 2010, liliviruka vyote viwili likachukua Kisanskriti.