Je, wajua? Kitenzi "kula" ndicho kilichofungua lugha iliyokaa kimya zaidi ya miaka 3,000

Jina la Wahiti wengi wetu tumelisikia kanisani, yule Uria Mhiti mume wa Bathsheba. Sasa Wahiti wenyewe walikuwa na dola kubwa kwenye Uturuki ya leo, mji mkuu wao ukiitwa Hattusa, na dola ilipoanguka kama mwaka 1200 KK hivi na lugha yao ya serikali ikazimika. Mwaka 1906 Mjerumani Hugo Winckler na Theodore Makridi wakaanza kuchimba pale Boğazköy, yalipo magofu ya Hattusa, wakakuta maelfu ya vipande vya mabamba ya udongo yenye mwandiko wa kikabari, ule wa alama zenye umbo la kabari.

Shida haikuwa kusoma, maana mwandiko ni uleule wa Babeli ambao wataalamu walishaujua. Unatamka silabi moja moja hadi mwisho lakini huelewi kitu, yani kama mtu wa Tanga umpe kitabu cha Kifini, herufi anazifahamu karibu zote na akisoma kwa sauti utadhani anaelewa kumbe wapi.

Aliyetegua ni Mcheki Bedřich Hrozný, mwaka 1915, vita ya kwanza ya dunia imeshapamba moto. Alikutana na sentensi hii: nu NINDA-an ezzatteni watar-ma ekutteni. Humo neno alilokuwa na uhakika nalo ni moja tu, NINDA, alama ya mkate ya Kisumeri, lugha ya kale ya Iraki ya leo, kwa sababu makarani wa Kihiti walikuwa na kawaida ya kuweka alama ya Kisumeri badala ya kuandika neno lao lote. Haya, mkate upo, mtu anaufanyaje mkate? Anaula! Akaangalia ezzatteni, akakumbuka Wajerumani kula wanasema essen na Walatini edere. Halafu watar, hiyo hata wewe unaisikia, Mwingereza maji anayaita water. Basi ekutteni lazima iwe kunywa. "Sasa mtakula mkate na maji mtakunywa." Novemba mwaka huohuo akatangaza Berlin kwamba Kihiti ni ndugu wa Kilatini, Kigiriki na Kisanskriti (lugha ya kale ya India), ukoo tunaouita wa Kihindi-Kiulaya.

Wapo waliobisha, na haki yao, maneno mawili kufanana si ushahidi, yanaweza kufanana kwa bahati tu. Ila mimi kinachonishawishi ni jinsi kitenzi kinavyonyambulika. Mzizi ni ed-. "Nakula" Kihiti ni edmi, Kisanskriti ni admi. "Wanakula" ni adanzi, Kisanskriti adanti. Yani si mzizi tu unaofanana, hadi mikia ya "mimi" na "wao" inafanana, na hiyo haiji kwa bahati. Zile zz za ezzatteni nazo zina sababu yake: d ya mzizi ikikutana na t ya kiambishi, katikati inachomoza s, ndo maana wataalamu wanaitamka ts.

Kwa nini kula na si neno lingine? Hebu tuangalie kwetu. Meza tumeichukua kwa Wareno, sahani kwa Waarabu, chai imetoka mbali huko, lakini kitendo chenyewe cha kula hatujaazima kwa mtu. Sisi kula, Waganda okulya, Wakikuyu kũrĩa, Wazulu ukudla. Kunywa vilevile, Mganda okunywa, Mkikuyu kũnyua. Vyombo vinakuja na meli, kula mtu anafundishwa na mama yake, kwa hiyo ukitaka kujua ukoo wa lugha anzia hapo.

Sasa huyu wa kunywa, eku-, ndugu zake ni wachache. Wataalamu wengi wanamuunganisha na neno la Kilatini ebrius, yani aliyelewa, na yok- ya Kitokari, lugha iliyokuwa inaongewa kule magharibi ya China ya leo. Maana yake inajulikana vizuri, lakini kwenye maandishi ya sherehe za Wahiti kuna kitu kimewaumiza watu vichwa: mfalme na malkia wanasimama na "wanamnywa" Mungu wa Tufani. Hakuna "kwa ajili ya", mungu mwenyewe ndo anayenywewa! Wengine wanasema ni kunywa kwa heshima yake tu, wengine wanaona kweli waliamini mungu anaingia mwilini kupitia kikombe.

Mimi kila nikiisoma hiyo nawaza kula kiapo. Sisi tunakula kiapo na hakuna anayetuuliza kiapo kina ladha gani, ukichukulia hapo utasema Wahiti nao ilikuwa namna ya kusema tu. Lakini Wakikuyu nao wanasema kũrĩa mũma, kula kiapo hichohicho, na kwenye viapo vya Mau Mau watu walikula nyama kwelikweli, msemo na tendo vilikwenda pamoja. Kwa hiyo mimi siharakishi kusema Wahiti walikuwa wanatia chumvi. Kwenye mabamba yale mambo yanaendelea vilevile sherehe baada ya sherehe, wanamnywa mungu mmoja, waimbaji wanaimba, mkate unamegwa, halafu wanamnywa anayefuata.