DVD ya harusi inakwama-kwama: tunayoambiana mtaani na ukweli wake

Mama mdogo alinijia na DVD ya harusi ya binti yake, ameifunga kwenye kitambaa kama yai. "Mwanangu, deki yangu imekufa. Wakifika kwenye keki tu, watu wanaganda. Halafu mwisho kabisa, wakati wa kuaga, picha inavunjika vipande vipande." Nikaigeuza mwangani. Juu ilikuwa na stika ya karatasi yenye picha ya maharusi, ukingo mmoja umeshaanza kunyanyuka. Nikamuuliza kama DVD za dukani zinacheza. Zinacheza, mwanzo hadi mwisho.

"Deki imechoka, nunua nyingine."

Usikimbilie dukani. DVD ya kiwandani hupigwa chapa kwenye plastiki na kupakwa madini yanayong'aa. Ile ya safu moja hurudisha kati ya asilimia 45 na 85 ya mwanga wa leza. Ya kuchoma nyumbani ina rangi maalumu inayounguzwa na leza ili kuacha alama, na deki nyingi za zamani huisoma kwa taabu. DVD-RW, ile inayofutika na kuchomwa tena, ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu hurudisha asilimia 18 hadi 30 tu. Video ya kumpa mtu usiichome kwenye RW kabisa. Chukua DVD-R, inayochomwa mara moja tu.

"Mbona kompyuta inaisoma? Diski ni nzima."

Kompyuta ikikosa kipande hurudia kukisoma, hata kwa sekunde kadhaa, nawe unanakili faili huna habari. Deki haina nafasi hiyo. Inaonyesha picha huku inasoma, na akiba yake ya kumbukumbu ni ndogo. Akiba ikiisha kabla leza haijakipata kipande, bi harusi anaganda mkono ukiwa hewani.

"Choma polepole kabisa ndiyo salama."

Hili nalisikia hata kwa watu wanaochoma diski kila siku, na linaniuma kwa sababu linawaharibia kazi nzuri. Diski iliyoandikwa 16x, yaani inayoweza kuchomwa kwa mara 16 ya kasi ya kawaida, ina rangi iliyotengenezwa kuunguzwa kwa kasi. Mashine ya kuchomea nayo ina maelekezo yake ya nguvu ya leza kwa kila aina ya diski na kila kasi, na kasi za chini mno mara nyingi hazikupangiwa vizuri, au hazimo kabisa. Diski ya 16x mimi huichoma kwa 8x. Kasi ya juu kabisa nayo ina hatari, na hatari hiyo hujitokeza mwishoni mwa video: DVD huandikwa kuanzia ndani kwenda ukingoni, na ukingoni ndiko mashine inakofikia kasi yake ya mwisho na diski inakoyumba zaidi. Mtu akiniambia "inakatakata dakika za mwisho", naangalia ukingo wa diski kabla ya kuigusa deki.

Stika nayo hudhuru hukohuko ukingoni. DVD ina unene wa milimita 1.2, yaani plastiki mbili zilizogandishwa pamoja. Karatasi ikinyonya unyevu, na pwani unyevu haukosekani, inavuta upande mmoja. Diski inapinda kiasi ambacho jicho halioni ila leza inakiona. Andika majina ya maharusi kwa kalamu ya maka yenye ncha laini, inatosha.

"Bitireti ikipanda, picha inazidi kuwa nzuri."

Bitireti ni kiasi cha data kinachosomwa kila sekunde, na hapa ndipo DVD nyingi za harusi zinapofia. DVD ya video imewekewa ukomo: picha, sauti na maandishi kwa pamoja visizidi megabiti 10.08 kwa sekunde, na picha peke yake isizidi 9.8. Mtu anaweka picha kwenye megabiti 9, anaiacha sauti kwenye PCM, yaani sauti isiyobanwa, ambayo inakula kama megabiti 1.5. Jumla ni 10.5, ameshavuka. Programu nyingine zitamkatalia, nyingine zitanyamaza na kuchoma. Na hata usipovuka, ukikaribia ukomo kwenye diski ya kuchoma unaikosesha deki muda wa kurudia pale ilipokosea. Weka picha kwenye 6 au 6.5, sauti iwe Dolby Digital, ambayo imebanwa, ya kilobiti 192, na saa moja na nusu itaenea vizuri kwenye diski ya gigabaiti 4.7. Ikiwa ni saa mbili, jumla ishuke hadi 5.

"Dawa ya meno itaondoa mikwaruzo."

Haisomeshi diski iliyochomwa vibaya, na inaweza kuongeza mikwaruzo. Kitambaa laini, futa kutoka katikati kwenda nje.

Kuna ugonjwa mwingine watu huuchanganya na huu: picha haigandi, ila watu wanacheza muziki kwa kuruka-ruka, na kamera ikizunguka ukumbini ndiyo balaa. Hapo diski haina kosa. Simu nyingi hurekodi picha 30 kwa sekunde, na DVD ya PAL, mfumo wa video tunaochomea huku, ina 25. Programu inaziondoa picha 5 kila sekunde, na jicho linaona mapengo. Ichome kwa mfumo wa NTSC, wenye picha karibu 30 kwa sekunde. Karibu deki na televisheni zote zilizouzwa huku miaka ya karibuni zinaucheza. Kabla ya kuchoma, cheza folda ya VIDEO_TS, ile yenye faili za DVD, moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta. Ikiruka-ruka hapo, usipoteze diski.

Ya mama mdogo niliinakili, nikaichoma upya kwenye diski isiyo na stika, kwa 8x, bila kubadilisha kitu kingine. Sehemu ya kuaga ikapona. Kwenye keki ikaganda palepale. Diski mbili tofauti kukwama mahali pamoja maana yake tatizo limo kwenye faili: pale keki ilikuwa na fataki, taa zinamulika, watu wanarusha karatasi za rangi, na picha yenye vurugu hivyo ndiyo inayopandisha bitireti hadi juu. Nikashusha picha hadi 6, nikabadilisha sauti, nikachoma ya tatu. Tuliitazama kwenye deki ileile. Fataki ziliwaka hadi zikazima zenyewe, na mama mdogo akaomba turudishe nyuma.