Mkaa wa vitundu: yanayosemwa Mtwara na Lindi, na ukweli wake

“Mkaa ni mkaa. Saga wa jikoni, utachuja maji.”

Mkaa wa jikoni umechomwa ili uwake. Wa kuchujia, mkaa amilifu, huchomwa mara ya pili. Vifuu vya nazi vikishageuzwa makaa pasipo hewa, hupitishiwa mvuke kwenye joto la nyuzi 800 hadi 1,000 za Selsiasi. Mvuke huo hula sehemu ya kaboni na kuacha vitundu, vingi vyenye upana usiofika nanomita 2 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Gramu moja tu huweza kuwa na kuta za ndani zenye eneo la mita za mraba 1,000. Gramu nane zingetandika uwanja mzima wa mpira na kubaki.

“Unafyonza uchafu kama sifongo.”

Uchafu haufyonzwi, hunata kwenye kuta za vitundu, ndiyo adsopsheni. Kuta zikijaa, kazi imekwisha, ingawa mkaa unaonekana vilevile. Viwandani huchomwa upya, ulichokamata kikaachia, ukatumika tena.

“Chujio la mkaa husafisha maji yoyote.”

Hili naliogopa kuliko yote, kwa kuwa linaweza kumlaza mtoto hospitalini. Mkaa ni hodari kwa harufu, ladha mbaya, klorini na baadhi ya viuatilifu. Vijidudu hauviui, bakteria huweza hata kuzaliana juu yake. Na ukitia dawa ya klorini kisha ukachuja kwa mkaa, mkaa huiondoa klorini yenyewe, maji yakabaki ndooni bila kinga. Maji ya kunywa yachemshwe hata kama yamechujwa. Chumvi ya visima vya pwani nayo itapita kama ilivyo, maana ikishayeyuka hukumbatiwa na maji kuliko inavyovutwa na kaboni.

“Lindi tuna kinywe, basi malighafi tunayo.”

Kinywe cha Ruangwa, yaani grafiti, ni kaboni kweli, ila tabaka zake zimebanana, vitundu hakina. Kinafaa betri na matofali ya tanuri.

“Kazi yake ni kuchuja tu.”

Wachenjuaji wanaoyeyusha dhahabu kwa kemikali ya sayanidi huinasa kwa mkaa wa vifuu, unaopendwa kwa ugumu wake. Viwanda vya dawa hutandaza chembe za metali ya paladi kwenye kuta zilezile: paladi huwa kichocheo, inaharakisha mmenyuko bila yenyewe kuliwa, na kwa kuwa imetandazwa, kidogo kinatosha.

“Maganda ya korosho ni takataka.”

Watafiti wa nchi mbalimbali wametengeneza mkaa amilifu kwa maganda haya na kuupima kwa rangi za viwandani na metali nzito. Hunasa vyote viwili. Ugumu uko kwenye mafuta ya ganda, yale yanayounguza mikono ya akina mama wanaobangua. Ukiyachoma pamoja na ganda, moshi wake ni mkali. Yakikamuliwa kwanza, yenyewe ni malighafi ya rangi za kupaka na bitana za breki, na ganda lililobaki ndilo la kuchomwa mkaa. Ila sehemu kubwa ya korosho yetu bado huondoka ghafi kwenda India na Vietnam, na ganda lake juu. Linaniuma hilo: malighafi ya utafiti ambao ungefanyika hapahapa Mtwara tunaipakia melini, na mnunuzi wa korosho huipata humohumo.