Daiodi haina kizingiti cha volti 0.7

Kwenye meza za mafundi wa sola pale Mwanjelwa, Mbeya, na hata kwa wanafunzi wa fizikia wa kidato cha sita, utasikia sentensi ileile: daiodi, kile kipande cha elektroniki kinachopitisha mkondo upande mmoja tu, hufunguka ikifika volti 0.7. Chini ya hapo imefungwa kabisa, juu ya hapo inapitisha. Volti hiyo ndiyo wanayoiita kizingiti.

Maana yenyewe ni fupi: volti ya kizingiti ni ile ambayo mkondo wa daiodi huanza kutosha kwa kazi uliyonayo. Maneno matatu ya mwisho ndiyo yanayosahaulika.

Mwanafizikia wa Marekani William Shockley alichapisha mlinganyo wa mkondo wa daiodi mwaka 1949, na hutaikuta 0.7 ndani yake. Utakuta mkondo mdogo mno wa kuvuja, volti uliyoweka, na volti inayotokana na joto, ambayo katika chumba cha kawaida ni kama milivolti 25. Tabia yake ni hii: volti ikijumlishwa, mkondo unazidishwa. Kwa daiodi safi ya silikoni, kila milivolti 60 hivi unazoongeza, mkondo unakuwa mara 10. Kama 0.60 inakupa miliampea 1, basi 0.66 itakupa 10, na 0.54 itakupa 0.1. Mkondo mdogo, ndiyo, lakini upo.

Sasa lile goti la kwenye grafu ya mkondo dhidi ya volti, pale mstari unapokunja ghafla kwenda juu, linatoka wapi? Linatoka kwenye kipimo cha mchoraji. Daiodi hiyohiyo, ukiichora mhimili ukiishia miliampea 10, goti litaonekana karibu na 0.6. Punguza mhimili uishie mikroampea 10, yaani mara elfu chini, goti linahamia karibu na 0.4. Chora logi ya mkondo badala ya mkondo, na goti halipo tena. Kunabaki mstari ulionyooka. Kitu kinachohama kila ukibadilisha karatasi hakiwezi kuwa mlango ndani ya silikoni. Hata multimita yako, ukiiweka kwenye alama ya daiodi, hupitisha mkondo mdogo, mara nyingi kama miliampea 1, na kukusomea volti ya hapo tu. Ikiandika 0.58, daiodi haijachoka.

Kwa kukadiria rezista, kile kipande kinachozuia mkondo usizidi, 0.7 inatosha na hata mimi huitumia. Shida huanza tukihamishia wazo hilo la kizingiti kwenye LED, yaani daiodi inayotoa mwanga, na kusema "hii ni ya volti 3". Nyekundu hukaa karibu na 2. Nyeupe, ambayo kwa kawaida ni LED ya bluu iliyopakwa unga wa njano, hukaa karibu na 3, kwa sababu mwanga wa bluu unadai nishati kubwa zaidi. Chukua kipande cha taa za mkanda: LED tatu nyeupe na rezista ya omu 150. Betri ikiwa 12, LED zinachukua 9, rezista inabaki na 3, mkondo ni miliampea 20. Mchana jua limewaka, chaja imepandisha betri hadi 14.4. Rezista sasa ina 5.4, na mkondo unakaribia 36. Volti imeongezeka kwa asilimia 20, mkondo kwa karibu 80. Ndiyo maana taa zinaungua mapema, jamani, na lawama zinaangukia muuzaji.

Joto nalo lina sehemu yake. Volti ya daiodi ya silikoni hushuka kama milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya joto, na LED nazo hushuka. Alfajiri ya Julai pale Uyole, Mbeya, ni baridi kweli. Ndani ya kava la taa iliyowaka saa mbili ni habari nyingine. Ukishikilia volti palepale, mkondo utapanda wenyewe kadiri taa inavyopata moto, ndiyo sababu LED kubwa hulishwa na kifaa kinachodhibiti mkondo.

Kwa hiyo mwenzako akisema LED yake ni ya volti 3, usimbishie. Muulize kwa upole: kwa mkondo gani, na kwenye joto gani? Jibu la kufanyia kazi huwa hivi: volti 3.1, kwa miliampea 20, kwenye nyuzi 25.